Sasa uzi nitaushika na nini?

Maswali ya wasomaji kuhusu kinywa na meno. Anayejibu ni tabibu wa meno mstaafu, aliyehudumu mkoani Tanga kwa miaka 34.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea utabibu wa meno hapa Tanga. Nina jambo linaninyima raha na sijapata wa kumwambia. Mwezi uliopita mwalimu alitugawia dodoso la kupima jinsi tunavyowachukulia wagonjwa wazee. Alisema limetungwa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wa meno hasa, na lina kauli 27. Kila kauli unasema unakubali au unakataa, na kwa kiasi gani. Nyingine zinahusu muda, nyingine magonjwa na dawa nyingi za wazee, nyingine kama wanafuata wanayoelekezwa. Nilijibu kwa ukweli. Nilipoyasoma majibu yangu niliona haya, maana mimi nimelelewa na bibi mzaa mama pale Makorora, na hadi leo nikitoka chuoni lazima nipitie kwake.

Lakini bibi, kliniki ni dunia nyingine. Tuna kitabu cha kesi, na kila kesi lazima msimamizi aitie saini. Kijana wa miaka 20 ukimziba jino, nusu saa umemaliza. Mzee wa miaka 75, nusu saa bado anakueleza alivyoanza kuumwa mwaka jana wakati wa mfungo. Halafu ana presha, ana sukari, ana mfuko wa dawa ambazo hajui majina yake. Jino lenyewe ukilibana na koleo linavunjika. Wiki iliyopita mzee mmoja alikuwa benchini, zamu ni yake, nami nikachukua faili lililokuwa chini ya lake. Mwenzangu aliniona, akacheka, akasema naye hufanya hivyo hivyo. Je, nina roho mbaya? Na kuna ubaya gani kusema kwamba mtu wa umri ule meno yake yameshamaliza kazi, kilichobaki ni kuyang'oa tu?

Mwanafunzi wa Meno, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu barazani. Yeye ana miaka 78 na meno 22, yote ya kwake. Aliposikia habari ya lile faili alinyamaza kidogo, kisha akaomba chai.

Roho mbaya huna. Ungekuwa nayo, lile faili ungelisahau siku ile ile. Lakini ulichofanya ni kibaya, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wazee wanaijua foleni kuliko sisi. Yule mzee alijua nani kamkuta pale benchini na nani kaja nyuma yake, na alimwona wa nyuma yake akiitwa. Hakusema kitu, na wewe ulitegemea hatasema.

Nikupe la kwangu, maana nimelibeba miaka mingi. Nilikuwa na miaka miwili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuja mzee mvuvi wa Tongoni, ameletwa na mkwewe. Nilimwamkia kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu Pangani, nikamkalisha kitini, nikamfunga kitambaa shingoni. Kisha nikamgeukia mkwe: "Anaumwa wapi?" Mkwe akasema chini. Nikatazama. Chini alikuwa amebakiwa na chonge mbili tu. Ya kushoto ilikuwa inacheza kama kigingi kwenye mchanga, ukibonyeza fizi usaha unatoka. Ya kulia imesimama imara, fizi imeshuka kidogo, basi. Nikamwambia mkwe, "Tutazitoa zote mbili leo, tusimsumbue mzee kuja tena." Mkwe akasema sawa. Ganzi, koleo, dakika 20 kazi imekwisha, nami nikajiona nimetenda wema, kwa kuwa Tongoni kuja mjini siku zile ilikuwa safari.

Mzee akakaa anauma pamba. Aliziangalia zile chonge mbili kwenye sahani ya chuma kwa muda. Akaitoa pamba, akauliza taratibu, "Sasa uzi nitaushika na nini?"

Sikumwelewa. Mkwe ndiye aliyenifafanulia. Mzee alikuwa haendi tena baharini, lakini ndiye aliyekuwa anawashonea nyavu wavuvi wote wa pale. Mkono mmoja unashika wavu, wa pili unashika sindano, na uzi unakazwa kwa meno: chonge ya chini ya kulia na mwenzake wa juu. Alifanya hivyo tangu ujana wake. Ile chonge nzima ilikuwa kifaa chake cha kazi, nami nilimng'olea bila kumwuliza yeye mwenyewe neno hata moja. Baadaye tulimtengenezea pleti ya chini, yaani meno bandia. Taya la chini likishabaki tupu pleti huelea, inapanda na ulimi, haina pa kujishikiza. Ningeiacha ile chonge, tungeifungia waya pale. Mzee aliivaa wiki chache, akaiweka kwenye kikombe kabatini, nyavu akamwachia mjukuu.

Ndiyo maana nakwambia tatizo letu si ukosefu wa adabu. Sisi watu wa huku hatupiti mbele ya mzee bila kumwamkia. Tatizo ni kwamba shikamoo yetu inaishia mlangoni. Akishakaa kwenye kiti tunamzungumza kama hayupo: anaumwa wapi, anakula, ana presha, amekuja na nani. Tunamwuliza binti, tunamwuliza mjukuu aliyeshika simu, na mwenye mdomo tumemfumbua, hawezi kujibu. Chunguza siku moja tu pale kliniki uhesabu. Kisha wewe anza kwa kumwuliza mwenyewe, kabla hujashika kioo: babu, jino hili unalitumiaje? Unatafuna upande gani? Ungependa nikufanyie nini? Dakika tatu. Mengine yote yatafuata hapo.

Na hadithi ya mfungo iliyokuchosha, uliisikiliza vizuri? Mzee amekwambia jino linauma tangu Ramadhani ya mwaka jana. Huo ni muda, na muda wa maumivu ni jambo la kwanza unalopaswa kuandika. Tena umesema ana sukari. Mtu mwenye sukari aliyefunga na kuumwa jino, hapo kuna maswali: alikuwa anameza dawa zake saa ngapi, mdomo ulikuwa mkavu kiasi gani, fizi zilivimba? Sukari isiyotulia huharibu fizi, na fizi zenye usaha nazo huifanya sukari iwe ngumu kutulia. Alikuwa anakupa historia ya ugonjwa kwa lugha yake, wewe ukawa unatazama saa.

Sasa nijibu lile la meno kumaliza kazi. Hapana, mwanangu, na naomba usilirudie mbele ya mgonjwa. Umri peke yake hauozeshi jino. Japani mwaka 1989 walianzisha kampeni waliyoiita 8020: ufike miaka 80 ukiwa na meno yako 20. Wakati ule waliofikia hapo walikuwa wachache sana. Kufikia 2016 zaidi ya nusu ya wazee wao wa umri huo walikuwa nayo. Kilichobadilika ni utunzaji na matibabu, na pia jinsi matabibu wao walivyoacha kuona pengo kama sehemu ya uzee.

Kinachotokea uzeeni kina sababu zake, na sababu nyingi zinatibika. Fizi zikishuka mzizi unabaki nje, na mzizi hauna lile gamba gumu la juu, kwa hiyo unaoza upesi. Juu ya hilo dawa nyingi za presha, za kulala, za mafua na mzio hukausha mate, na mate ndiyo yanayolinda meno. Nakumbuka bibi mmoja wa Ngamiani ambaye meno yake ya kulia yalikuwa yameoza shingoni, pale jino linapokutana na fizi, manne kwa mstari, na ya kushoto mazima kabisa. Nilishangaa. Nikamwuliza, siku hizo nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. Akafungua pembe ya kanga, mlikuwa na noti mbili na pipi za tangawizi. Tangu aanze vidonge vya presha mdomo ulikuwa unamkauka usiku, basi alikuwa anabana pipi shavuni upande wa kulia mpaka anapitiwa na usingizi. Pipi tukazibadilisha kwa kikombe cha maji kando ya kitanda, dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku, na yale manne tukayaziba kwa ile saruji inayotoa floraidi yenyewe. Hakung'olewa hata moja. Ungechukua faili la chini yake usingejua kitu.

Woga wako wa dawa nauheshimu. Huo ni woga wa mtu makini. Lakini dawa zinajifunzika. Mwambie kila mzee aje na mfuko wake wote, umwage mezani, uandike jina moja moja kutoka kwenye pakiti. Amlodipini na nifedipini huweza kuvimbisha fizi. Ukizikuta, usikimbilie kusema mzee hapigi mswaki. Aspirini ndogo ya moyo usimwachishe kwa sababu ya kung'oa jino moja, damu utaizuia kwa kubana na kushona. Anayetumia warfarini hang'olewi mpaka uone kipimo cha karibuni cha kuganda kwa damu. Presha pima mwenyewe, mzee akiwa ametulia, usipokee namba ya wiki iliyopita. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, kung'oa kusiko kwa dharura kunasubiri na mgonjwa anapelekwa kwa daktari wake. Mwenye sukari mpangie asubuhi, awe amekula na amemeza dawa zake. Ukimaliza, inua kiti polepole, mwache akae dakika mbili kabla ya kusimama, na wewe uwe karibu. Nimeona mzee akianguka mlangoni kwa sababu tu kiti kiliinuliwa haraka.

Koleo kuvunja jino? Mifupa ya taya la mzee hukaza, na mizizi huwa mikavu, mingine imenenepa kwenye ncha. Nguvu haisaidii. Piga picha ya eksirei kama ipo, legeza taratibu, na gego lenye mizizi miwili ligawe utoe mmoja mmoja. Mwite msimamizi mapema, kabla halijavunjika. Hili linatisha mara tano za kwanza, kisha mkono unazoea.

Halafu sauti. Mzee asiyesikia vizuri hukosa kwanza zile sauti nyembamba, kwa hiyo ukipiga kelele kwa sauti ya juu hujamsaidia. Zima mashine, zima na ile ya kunyonya mate, shusha barakoa ukiwa mbali kidogo, mtazame usoni, sema kwa sauti nzito na taratibu. Wengi tunaodhani wamechanganyikiwa hawajatusikia tu.

Na kuna jambo moja ambalo kwa huku kwetu silikubalii mzaha kabisa. Wazee wetu wengi, wake kwa waume, wametafuna tambuu tangu ujana: jani, chokaa, popoo na tumbaku ndani yake. Wengine ni ugoro. Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa saratani, limeiweka popoo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na tumbaku ya kutafuna imo vile vile. Kwa hiyo mzee akikwambia ameleta jino moja tu ling'olewe, wewe vuta shavu, inua ulimi kwa kitambaa, tazama chini yake na pembeni, papasa kwa kidole. Kidonda ambacho hakijapona zaidi ya wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo. Nimewahi kukuta kidonda ukubwa wa punje ya mahindi chini ya ulimi wa bibi aliyekuja kwa gego la juu. Hakikuwa kinauma. Angepewa mwanafunzi mwenye haraka angeondoka bila gego na pamoja na kidonda chake.

Kuhusu kitabu cha kesi, hapo sikulaumu wewe. Sisi tuliofundisha ndio tuliowapimia kazi kwa idadi: ziba 20, ng'oa kadhaa. Mwanafunzi anayehesabiwa hivyo atamkwepa mtu yeyote mwenye mdomo mgumu, na mzee ndiye wa kwanza. Nenda kwa mwalimu wako, na mwende wawili, wewe na huyo mwenzako aliyecheka. Ombeni kwamba uchunguzi kamili wa mzee mmoja, pamoja na orodha ya dawa zake na mpango wa matibabu, usainiwe kama kesi inayojitegemea. Ombeni pia mfanye kazi wawili wawili kwa wazee, mmoja aongee, mmoja aandike. Mwalimu aliyehangaika kutafuta dodoso kutoka Iowa atawasikiliza.

Dodoso lenyewe lisikuvunje moyo. Jambo hili halikuanza na wewe. Nathan Kogan, mwanasaikolojia, alitunga kipimo chake cha mitazamo juu ya wazee mwaka 1961, na Robert Butler, daktari wa Marekani, akaupa jina ubaguzi wa watu kwa umri wao mwaka 1969. Vipimo vile vilikuwa vya wazee kwa ujumla, havikuuliza habari za kiti cha meno, ndipo watu wa Iowa wakatunga cha kwenu. Kimeshajaribiwa kwa wanafunzi wa Ugiriki na Brazili pia. Kwa hiyo haya unayoyaona wewe wameyaona wenzako wa mbali. Yatunze majibu yako, usiyachane. Yajibu tena baada ya mwaka, ukiwa umeshatibu wazee 30 kwa mkono wako.

Na watakuja wengi, jiandae. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na kati yao karibu milioni tatu na nusu wana miaka 60 au zaidi. Sera ya wazee tunayo tangu 2003, na dirisha la wazee hospitalini lipo. Anayemtoa dirishani na kumfikisha kwenye kiti ni wewe.

Kesho ukifika, litafute lile faili. Kama mzee hajarudi, mwombe msimamizi apigiwe simu aje, na akija umpokee wewe. Mwambie siku ile ulimruka. Nami jioni nakuomba kitu kingine: ukipitia Makorora, mkalishe bibi yako karibu na dirisha, mwombe afungue mdomo. Miaka mitatu chuoni, umeshawahi kumtazama?

SWALI: Hujambo dada. Mama yangu ana miaka 81, tunaishi naye Pangani. Anavaa meno bandia juu, hayatoi hata usiku kwa sababu hataki wajukuu wamwone kibogoyo. Siku hizi kinywa kinatoa harufu, na juu ndani pamekuwa pekundu kama pameungua. Tunayaosha kwa dawa ya meno kila siku. Je, ni uzee?

Binti wa Pangani

JIBU: Sijambo mdogo wangu. Uzee haufanyi kinywa kiwe chekundu. Huo wekundu unaofuata umbo la pleti mara nyingi ni fangasi, wanaota chini ya meno yasiyotolewa. Mpeleke kwa tabibu wa meno apewe dawa ya fangasi, na aangaliwe kama pleti bado inamkaa, kwa sababu taya hupungua mwaka hadi mwaka na pleti ya zamani hulegea. Kama ana sukari, mwambieni tabibu.

Usiku yatoke. Heshima yake ilinde: mwekee bakuli lenye mfuniko chumbani kwake, ayatoe taa ikishazimwa, ayavae kabla wajukuu hawajaamka. Dawa ya meno acheni, inayakwaruza, na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Tumieni mswaki na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Fizi na ulimi wake zisafishwe pia kwa kitambaa laini. Yalale kwenye maji ya baridi. Maji ya moto yatayapinda, na hapo hata tabibu hataweza kuyanyoosha.